Kazi Zilizoandikwa Mlangoni

Kila Jumatatu asubuhi huwa nawasimamisha wasichana wapya kando ya mashine ya kufungia biskuti na kuwafundisha jinsi ya kupanga siku. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja hapa Jinja, nakaa Walukuba, na hata wanaonichukia wanakubali kwamba sipotezi muda. Nawaambia: andika kazi zako zote, zipe namba, anza na ile ambayo ikichelewa itaharibika. Usianze na unayoipenda. Usianze na ile itakayoonekana na bosi. Wananitumbulia macho, wanaitikia "ndiyo madamu," halafu wanakwenda kuanza na wanayoipenda. Wajinga wale.

Hawajui nilijifunzia wapi. Sikusomea chuoni. Nilijifunza nyuma ya mlango wa mama yangu.

Tulikulia kwenye nyumba za askari magereza, Mbale. Baba alikuwa askari, mtu wa kaskazini. Mama alikuwa Mgisu wa chini ya mlima Wanale, na kwa kuwa hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, nyumba yetu ilizungumza Kiswahili, kile cha kambini, cha amri. Tukienda sokoni na kukisema, watoto wa mjini walisogea kando. Walidhani tunataka kuwapiga, na mara nyingine hawakukosea.

Baba alivaa sare, lakini afande wa nyumba alikuwa mama. Alikuwa akipika na kuwauzia chakula askari wasio na wake: posho, yaani ugali, na maharagwe kila siku, na Ijumaa malewa ya karanga, yale machipukizi ya mianzi ambayo bila kuloweka na kuchemsha na kutwanga kwa saa nyingi huwezi kuyatia mdomoni. Kazi hazikuisha, na mama hakujua kusoma wala kuandika. Basi akaiga magereza. Kila asubuhi mimi na mdogo wangu wa kike tulisimama foleni mbele ya nyumba, mikono ubavuni, naye akataja kazi za siku moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo niliziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa mbao. Namba moja, namba mbili, mpaka kumi na kitu. Kazi ikiisha, nachora mstari juu yake. Kazi isiyoisha leo, kesho inaandikwa tena, lakini chini, kwa sababu za leo zina haki kuliko za jana. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe.

Chakula chetu sisi watoto nacho kiliandikwa. Kilikuwa namba ya mwisho.

"Mama, nina njaa."

"Iko mlangoni?"

"Iko."

"Namba ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Sasa tuko ngapi?"

"Saba."

"Basi unaniuliza nini?"

Hakuwa mtu wa fimbo, nasema ukweli. Hakuwa na haja nayo. Baba mwenyewe akirudi kutoka zamu akiwa amechoka aliuangalia ule mlango kwanza kabla ya kuuliza chakula chake.

Mimi niliuelewa upesi. Niligundua kwamba mama alikagua mambo matatu: sufuria kwa nje, uwanja karibu na mlango, na pipa la maji kwa kulipiga ngumi asikie limejaa. Basi nilisugua nje, nikafagia karibu, nikajaza pipa. Nilimaliza mapema nikala nimeketi kwenye ngazi. Mdogo wangu alisugua ndani na nje. Alifagia mpaka kwenye uzio. Mtoto alikuwa polepole hadi unatamani kumtikisa, na kila siku nilikula nikimwangalia akihangaika na namba nane. Nilikula taratibu, kwa makusudi, ili anione. Nilikuwa mtoto mbaya. Sitafuti huruma, nasema kilichokuwako.

Sasa, hadithi ya kidole.

Yeye alikuwa na miaka minane, mimi kumi na mmoja. Kijiti cha kuni kilimwingia chini ya kucha, kidole cha shahada, mkono wa kulia. Baada ya siku mbili kidole kikavimba kikang'aa kama nyanya. Asubuhi hiyo tukiwa foleni mama akamwona anakificha nyuma. Akamwendea, akainama, akaushika mkono ule, akakipuliza kidole. Mama! Nilikuwa sijawahi kumwona akimpuliza mtu. "Pole, mama yangu," akamwambia, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuambiwa nayo kitu chochote. Kisha akanigeukia.

"Andika. Namba moja, kumpeleka huyu hospitali. Kabla ya yote."

Siku hiyohiyo ndiyo nilikuwa nipelekwe kwa fundi kupimwa sare ya shule. Sare mpya. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikivaa zilizochoka za binti wa ofisa mmoja, zenye alama ya jasho la mtu mwingine kwapani. Fundi alikuwa ameshasema, msipokuja asubuhi hii nachukua watoto wengine, na shule zinafunguliwa. Mama aliniahidi namba moja. Sasa nikamsikia anataja sare baada ya kuni, baada ya mboga, baada ya kila kitu. Namba kumi na moja. Yaani haipo.

Niliingia ndani na kipande changu cha mkaa. Mdogo wangu akanifuata, akasimama pembeni yangu akiulamba ule mkono. Nikaandika namba moja: kwenda kwa fundi. Nikaandika zote zilizofuata, sawasawa, kwa mwandiko wangu mzuri. Na kwenye namba kumi na moja nikaandika: kidole.

Sikujali kuwa alikuwa pale. Alikuwa darasa la pili, na nilijua hajui kusoma.

Jua lilipochomoza mama alikuwa kwenye moshi, askari wanne wamekwishasimama na sahani, maharagwe yanataka kuungua. Akapaza sauti, "Wewe mkubwa! Soma. Namba moja nini?"

"Kwenda kwa fundi."

Akaja mlangoni akijifuta mikono kwenye leso. "Sikusema kidole?"

"Ulisema, mama. Ni namba kumi na moja. Ulisema baada ya kazi."

Aliutazama mlango. Mpaka leo namwona. Mwanamke ambaye askari wenye bunduki walimwomba chumvi kwa adabu, amesimama mbele ya michoro ya mkaa kama mtu aliyeletwa kwa hakimu. Kichwa chake kilimwambia hivi, mlango ukamwambia vile. Akaamini mlango. Anayejua kusoma asingefanya kosa hilo, maana anajua maandishi ni mkono wa mtu tu, na mkono wa mtu una tamaa zake. Mama hakulijua hilo. Kwake yeye kitu kikishaandikwa kimekuwa amri.

"Haya," akasema. "Mlango umesema."

Tukaenda kwa fundi. Nikapimwa mabega, kiuno, magoti. Tulirudi mchana, kazi zimelimbikana, na namba kumi na moja haikufikiwa. Kesho yake ningeweza kuipandisha. Usiniambie nilikuwa na woga wa mtoto, ningeweza. Lakini ningeipandisha ghafla, mama angeuliza, angekumbuka. Kwa hiyo niliifuata sheria: ya jana inakwenda chini. Na kesho kutwa pia. Siku ya tano baba alirudi kutoka safari ya kuhamisha wafungwa, akasikia harufu kabla hajavua kofia, akambeba mtoto akatoka naye mbio. Kidole kikakatwa kwenye kiungo cha pili.

Watu walipomuuliza mama, alijibu, "Tulichelewa. Kazi zilikuwa nyingi." Aliendelea kuutumia mlango. Siku moja tu katika maisha yake aliona huruma mapema, na mimi ndiye niliyeifuta. Sare ilinikaa vizuri sana.

Basi. Miaka ikaenda. Baba akafariki, mama akatoka kwenye nyumba za serikali akapanga vyumba viwili Namakwekwe, hukohuko Mbale. Mimi nikaja Jinja, nikapanda kutoka mfungaji hadi msimamizi. Sikuolewa, au niseme niliolewa kidogo nikaacha, na sina mtoto. Mdogo wangu alibaki na mama. Anapika chapati mbele ya nyumba, waendesha boda boda wananunua wakiwa hata hawajashuka. Nilikuwa nikipiga simu Jumapili. Nilikuwa nikienda Krismasi. Hilo lilionekana kututosha sote.

Mwaka jana mama akaanguka akiwa anateka maji. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, na ulimi ukawa unatoa neno mojamoja, kila neno kama analivuta kutoka kisimani. Nilikwenda nikakaa siku tatu, nikarudi kazini. Mdogo wangu hakuniomba kitu. Mimi nami sikuuliza kama anataka kuomba.

Mwaka huu, wakati wa mvua, jirani yao mmoja, mama mtu mzima anayeuza mkaa, akanipigia. "Njoo umwone mama yako," akasema. "Mimi sisemi zaidi, msije mkaniita mchawi wa nyumba za watu."

Alipiga Jumatatu. Nilifika Jumamosi. Niliiandika kwenye daftari langu, nikaipa namba yake, na namba yake ilifika Jumamosi.

Nilimkuta mdogo wangu uani anasukuma chapati. Mkono wa kulia una vidole vinne na kigutu, lakini ukiona chapati zake ni duara kamili. Akainua uso. "Karibu, dada. Umepata nafasi."

"Nimepata. Mama yuko wapi?"

"Atakwenda wapi?"

Niliingia. Harufu ilinipokea mlangoni, mkojo wa tangu siku nyingine, na chini yake harufu nyingine ambayo niliijua, ila kichwa kilikataa kuniambia niliijulia wapi. Mama alikuwa amelalia mgongo, uso umeelekezwa darini. Niligeuka nifungue mlango wote hewa iingie, na hapo ndipo nilipouona. Nyuma ya mlango, kwa chaki, mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza upya kushika chaki kwa vidole vingine. Kuwasha moto. Kukanda unga. Kuchoma chapati za asubuhi. Kuteka maji. Kwenda sokoni. Kukanda tena. Kuchoma za mchana. Kuosha vyombo. Namba tisa ilikuwa neno moja tu: Mama.

Kutoka kitandani sauti ikatoka. "Namba... ngapi?"

Nilidhani ananiuliza mimi. Lakini kutoka uani mdogo wangu akajibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayejibu swali hilo kila siku: "Saba, mama."

"Bado?"

"Bado."

Na mama akafumba macho akangoja.

Nilimgeuza. Pale mgongo unapoishia, juu kidogo ya makalio, palikuwa na kidonda upana wa kifuniko cha birika, katikati cheusi. Nikakumbuka nilikoijulia ile harufu. Nilitoka nje nimewaka.

"Wewe una wazimu? Mama amelala kwenye mkojo tangu asubuhi!"

"Tangu jana alasiri," akanisahihisha, bila kuacha kusukuma. "Namba tisa hufika saa kumi. Hufika kila siku, sijawahi kuiruka hata siku moja. Namwosha, nambadilisha, namlisha. Muulize."

"Saa kumi! Na kwa nini si asubuhi? Kwa nini si namba moja?"

"Dada. Si wewe unayefundisha watu kupanga siku? Unatusimulia kila Krismasi. Hebu nipange. Moto haungoji. Unga uliokandwa haungoji. Watu wa boda hawangoji, ukichelewa wanakwenda kwa mwingine, na tusipouza hatuli, mimi wala yeye. Yeye anaweza kungoja. Huoni anavyojua kungoja?"

Yalikuwa maneno yangu. Anza na ile ambayo ikichelewa itaharibika.

"Na kidonda?" nikasema mwishoni. "Kidonda hakiharibiki?"

Aliinua mkono wa kulia, umejaa unga, akakitazama kile kigutu kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Kinaharibika," akasema. "Polepole."

Nilikasirika nikaona giza. Nilichukua beseni, nikachukua maji yake ya moto bila kuomba, nikaingia kumwosha mama. Nilidhani atafurahi. Nilipomshika, ule mkono wake mzima wa kushoto ukanisukuma. "Bado," akasema. "Bado... namba." Nikamwambia, mama, ni mimi, wacha hayo. Akanisukuma tena, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Alikuwa akiogopa kuoshwa kabla ya zamu yake. Nilimwosha kwa kumlazimisha, naye akalia muda wote, kwa upande mmoja wa uso.

Nilipomaliza nikatoka nikaketi kwenye kigoda mbele ya mdogo wangu. Wateja walikuwa wamepungua. Nilijua nimebaki na kitu kimoja tu cha kumpa mama. Kama mdogo wangu anamlipizia ile siku, basi anamlipizia mtu asiye na hatia, na mimi nikisema, labda mama atapanda kutoka namba tisa. Nilikuwa nimekificha miaka yote hiyo.

"Siku ya kidole," nikasema, "mama alisema namba moja. Mimi ndiye niliyeandika chini. Nilitaka sare."

Aligeuza chapati. Akaibonyeza pembeni, ikavimba.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nimesimama pale, dada. Kidole changu. Unadhani sikusikia mama alivyosema? Kusoma sikujua, lakini namba nilizijua, na nilikuona umeandika kumi na moja, halafu ukaandika kitu kifupi, halafu ukaniangalia."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema." Akaipua chapati, akaitupia kwenye sahani. "Mliporudi kutoka kwa fundi. Wewe ulikwenda kujionyesha kwa wenzako. Nikamwambia mama, dada ameandika uongo. Akanipiga kofi. Akasema mlango haudanganyi, na dada yako amesoma. Kesho yake nikamwambia tena. Akanipiga jingine. Siku ya tatu nikaacha." Akachukua donge jingine. "Nilikuwa nafukuta kwa homa, kidole kinanuka, namwonyesha kwa macho. Yeye anaangalia mlango."

Kofi lile sikuwahi kulisikia, nilikuwa nje najisifu kiuno changu kimepimwa kwa futi.

"Basi mchukue," akasema ghafla. "Leo hii. Huko Jinja una chumba, una kazi, una akili. Tutaita gari, tutamfunga vizuri kwa leso. Nitakupa na godoro."

"Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi," nikasema. "Narudi jioni. Chumba ni kimoja. Hakuna mtu wa..."

"Atakuwa namba ngapi kwako?"

Alinisubiri kwa heshima, nasema kweli, alinipa muda wa kutosha. Kisha akarudi kwenye unga wake.

Nilijaribu ujanja mmoja wa mwisho. Nikaingia, nikachukua chaki iliyokuwa juu ya fremu, nikataka kufuta ile tisa niandike upya. Alinifuata akasimama pembeni yangu, kama alivyosimama akiwa mtoto. "Andika," akasema. "Wewe ndiye mwenye mwandiko. Andika namba moja, halafu ukae uifanye." Nikairudisha chaki juu ya fremu. Basi la mwisho la kunifaa lilikuwa saa kumi.

Nilimwinamia mama nimuage. Alikuwa amekauka, amevaa gauni safi, jicho moja linanifuata. Akaushika mkono wangu kwa ule wa kushoto.

"Soma," akasema.

"Nisome nini, mama?"

Jicho likaenda mlangoni. "Soma."

Alijua nimekuja. Alijua mimi ndiye msomaji wa nyumba. Nadhani alitaka kusikia kutoka kwangu, mtu aliyesoma, kwamba ile namba aliyopewa ni ya kweli, ili angoje kwa amani. Au alitumaini kitu. Nikautazama mlango, namba moja mpaka namba tisa, chaki nyeupe kwenye mbao nyeusi. Mdogo wangu alikuwa ameshatoka.

"Namba moja," nikasoma. "Mama."

Uso wake ukafunguka, ule upande ulio hai. Akasema, "Moja?" Nikasema, "Moja, mama. Imeandikwa." Akanibana mkono. Mimi nikambusu paji la uso nikaondoka haraka. Barabarani nilijisikia mtu mwema, na nakiri kwamba nilijisikia hivyo mpaka Jinja.

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, wasichana wapya wamesimama kando ya mashine wakinitumbulia macho, simu ikaita. Mdogo wangu huwa hanipigii. Nikasogea pembeni.

Hakunisalimia. Aliipeleka simu ndani, nikasikia miguu yake, nikasikia mlango. Kisha nikamsikia mama. Alikuwa akipiga kelele. Sikujua ile sauti inaweza bado kufika kiasi kile. "Moja! Moja! Moja!" Alikuwa anapiga ukuta kwa mkono wa kushoto.

"Tangu juzi ulipoondoka," mdogo wangu akasema. "Kabla sijawasha moto ameanza. Hali. Hanyamazi. Anasema imeandikwa, anasema umemsomea. Ulimsomea nini, dada?"

"Mwoshe tu," nikasema. "Nakuomba. Kwa nini unamlipizia yeye? Mwandishi nilikuwa mimi. Uongo ni wangu. Kwa nini usinilipizie mimi?"

Nyuma yake mama aliendelea: moja, moja.

"Wewe hujaugua bado," akasema mdogo wangu. "Na sijui utaletwa kwa nani kama si kwangu."

Akakata. Nilirudi kwa wasichana. Mmoja aliuliza, "Madamu, unalia?" nikamwambia afunge mdomo. Nikafungua daftari langu nikaandika, kumpigia mdogo wangu wa Mbale, nikaipa namba, na nikawafundisha jinsi ya kupanga siku.